Soksi ya Mtoto Kwenye Mpira wa Maji

Mcheke kidogo kidogo, tafadhali, maana mama mkwe wangu yuko hai na anaishi karibu, na aibu niliyompa siku ile mbele ya wanamama wenzake, hadi leo ikinijia nikiwa peke yangu njiani najikuta nasema kwa sauti, "Yesu wangu, Yesu wangu," watu wanageuka kuniangalia.

Kazi yangu mnaijua, naosha vioo vya madirisha, hasa kule mtaa wa Nyalukemba, hapa Bukavu, kwenye nyumba zenye vioo vikubwa vinavyotazama ziwa. Nina mpira mrefu wa maji, nina brashi ya mpini mrefu, na kati ya hivyo viwili kuna kiungio cha plastiki ambacho sisi tunakiita raccord. Raccord ndiyo roho ya kazi. Mji wetu wote ni milima na ngazi na mawe, ukiburuta mpira raccord inagonga kila jiwe, mchanga unaingia mdomoni mwake, baada ya hapo inavuja, unaloa wewe na kioo kinabaki kikavu. Basi kila mmoja wetu ana dawa yake ya nyumbani: mmoja anakata shingo ya chupa ya plastiki anaivisha kama kofia, mwingine anafunga kipande cha chambre à air, ule mpira wa ndani wa gurudumu la pikipiki, na mimi nilikuwa na soksi yangu kuukuu, kila nikichomoa brashi naivisha kwenye mdomo wa raccord, nakaza na lastiki, naburuta bila wasiwasi.

Asubuhi ile soksi ilikuwa imetoboka kabisa. Nikafungua kabati la mke wangu kutafuta nyingine, nikapekua, na chini ya vitenge vyake mkono wangu ukagusa kitu laini, soksi mbili za mtoto mchanga, za rangi ya njano.

Hapa lazima niwaeleze jambo. Mimi na mke wangu Furaha tulikuwa tumekaa miaka kwenye ndoa bila mtoto. Mara mbili mimba ilikuja, mara mbili tukatangaza kwa ndugu na majirani, mara mbili ikatoka. Ilipoingia ya tatu, Furaha alinikalisha kitandani, akanishika masikio yote mawili kama mtoto wa shule, akasema, "Hii ya sasa, mimi na wewe na Mungu tu. Hata mama asijue, mpaka mutoto azaliwe ao tumbo ijionyeshe yenyewe." Nikaapa. Na mnajua kwetu hakuna anayenunua nguo za mtoto kabla hajazaliwa, ni kuita balaa, lakini Furaha alipita soko la Kadutu kwenye mitumba, akaziona zile soksi, moyo ukamshinda, akazinunua akazificha. Moja ilikuwa na tundu kwenye kidole, akaishona. (Siku moja nilimkuta amezibana kwenye shavu lake, nikarudi nyuma taratibu nikajifanya nimesahau kitu nje.)

Sasa mimi, mume mwenye akili nyingi, nikafanya nini? Nikajaribu moja kwenye raccord. Ilienea kama imepimwa na fundi! Nikajiambia nitaifua jioni na kuirudisha, Furaha hatajua, nikaitia mfukoni, na ya pili nikaichukua kama akiba.

Kazi ya siku ile ilikuwa nyumbani kwa Maman Espérance, kiongozi wa shirika, ile jumuiya ndogo ya kanisa ya mtaa wetu. Alasiri shirika lilikuwa linakuja kusali kwake, akataka vioo ving'ae, na mama mkwe wangu, Maman Nsimire, ni mwanashirika ambaye hakosi. Nilikuwa nimefika katikati ya madirisha ya sebule, maji yakakatika. Na sisi watu wa Bukavu maji yakikatika hatufungi robinet ya bomba, tunaiacha wazi ili tusikie yakirudi tukimbie na mabidoni, madumu yetu ya kutekea. Nikaiacha wazi. Nikachomoa brashi, nikaivisha raccord soksi yangu mpya, na ili isiguse udongo nikaulaza mpira kwenye dirisha lililo wazi, kichwa kikitazama ndani. Ndiyo, ndani, msiniulize.

Wanamama wakafika mmoja mmoja na rozari zao. Maman Espérance akaniita, "Wewe, mukwe wa Maman Nsimire, njoo usali na sisi. Maji haitakuja leo." Nikakaa nyuma karibu na mlango. Mama mkwe alikaa mbele, chini ya lile dirisha. Nawakumbusha kwamba kwetu mkwe ana adabu zake, na miaka yote ile mimi na yeye tulisalimiana kwa mbali, macho chini, hata mkono sikuwahi kumpa.

Katikati ya rozari bomba likaanza kukohoa. Kho, kho, kho. Kila mtu wa mji huu anakijua kile kikohozi, na mnisamehe, niliona vichwa vikiinuka, kila mama anawaza bidoni zake nyumbani. Wazo langu la kwanza lilikuwa "asante Mungu." La pili lilikuwa "robinet!" Lakini soksi ilikuwa imeshaanza kujaa. Ilivimba polepole, njano, ikaning'inia pale dirishani kama titi la mbuzi, Maman Espérance akaiona, akakwama katikati ya Salamu Maria, mimi nikasimama, na lastiki ikakatika.

Soksi iliruka, ikampiga mama mkwe shavuni, ikaanguka mapajani mwake, na maji yakafuata yote, kwenye kilemba chake, kwenye mshumaa, kwenye sahani ya beignets, maandazi ya baada ya sala. Nilitoka mbio, nikafunga robinet, nikarudi mbio, na badala ya kusimama mlangoni niombe radhi kwa adabu, nikachomoa leso mfukoni nikanyoosha mkono kumpangusa mama mkwe wangu uso! Wanamama wote wakasema "Aaa!" kwa pamoja. Nikaangalia mkono wangu. Haikuwa leso, ilikuwa soksi ya pili.

"Nyamuzinda!" Maman Espérance alimwita Mungu kwa Kimashi. "Papa, kwako mutoto iko?"

"Hapana, Maman."

"Sasa hizi chaussettes ziko za nani?"

"Niliziokota njiani."

"Zote mbili? Na zimefuliwa?"

"Ziko za jirani," nikasema, na mama mmoja akaruka, "Jirani gani? Mimi nakaa nyuma yenu, pale mutoto mudogo hayuko!" Nikasema basi ni za raccord, na huo ulikuwa ukweli mtupu, nao ndio uliosikika kama uongo mkubwa kuliko wote. Sauti ikatoka nyuma, "Deuxième bureau hiyo! Huyu bwana iko na bibi ingine, na mutoto amekwisha kuzaliwa!"

Jamani, neno lilikuwa kwenye ulimi. Ningesema tu kwamba Furaha ana mimba, wangenipigia vigelegele palepale. Nikamwangalia mama mkwe, maji yanamtiririka kidevuni, ameshika ile soksi ya kwanza, kidole gumba chake kinapitapita mahali iliposhonwa. Nikayakumbuka masikio yangu mikononi mwa Furaha. Nikalimeza lile neno.

Mama mkwe akasimama. "Umenipatisha haya, mukwe," akasema kwa ukali, wote wakasikia. "Beba mupira yako, twende. Utasema mbele ya bibi yako."

Tukapanda ngazi za kutoka pale kwenda barabarani, yeye mbele ameloa chapachapa, mimi nyuma na mpira begani, watu wanatoka kwenye milango yao kutuangalia. Tulipofika kwenye kona isiyo na mtu akasimama, akageuka, na akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alinishika mkono.

"Huu mushono mimi ndiyo nilimufundisha Furaha," akasema. "Tumbo yake iko na miezi ngapi?"

Nilikuwa nimeapa. Nikaangalia mawe ya barabarani.

Akaanza kucheka, na machozi yakamtoka. "Hata mimi unanificha! Muzuri. Kaa vile vile, mutoto wangu. Wacha bamaman waseme. Wakiwa bize na wewe, hawataangalia tumbo ya Furaha."

Furaha alipoambiwa yote, alinipiga kwanza kwa mto kwa ajili ya soksi, halafu akalia kifuani mwangu muda mrefu, na mimi nikaapa kwamba kabati lake silifungui tena bila ruhusa, hata nikitafuta shati langu mwenyewe. Na tangu wiki ile, shirika likawa linaniombea. "Kwa ajili ya baba aliyepotea njia, tuombe," anasema Maman Espérance, mimi nimepiga magoti katikati yao, na anayeitika kwa sauti kubwa kuliko wote ni mama mkwe wangu. Tumbo lilipojionyesha mnadhani walinisamehe? Walinong'ona tu, "Na ule mutoto mwingine, anamulisha nini?" Na sisi watatu hatukuthubutu kuzitaja zile soksi, maana ingekuwa kukiri kwamba nguo ilinunuliwa kabla ya mtoto, na balaa tuliiogopa.

Mtoto alizaliwa salama, msichana. Wanamama wakaja na sabuni, sukari na unga wa uji, na hapo ndipo mama mkwe akawaeleza habari za zile soksi tangu mwanzo. Maman Espérance akasimama mbele yangu, mikono yake imekosa mahali pa kukaa. "Papa, tulikuombea vibaya. Miezi yote hii, maombi yetu yote ilipotea bure."

Mama mkwe hakuinua macho kutoka kwa mtoto aliyempakata. "Haikupotea, Maman. Nyinyi mulikuwa munamutaja huyu bwana, na mimi kila mara nilikuwa ninaitikia juu ya huyu mutoto. Yote ilimufikia."

Nilitoka nje haraka, kwa sababu aibu moja nilikuwa bado sijampa mama mkwe wangu, nayo ni kuniona nikilia.