Kiti cha Rubani Kilichonifikisha Ganjoni

Kuna mtaa mmoja Ganjoni siupiti tena, hata nikiwa na haraka vipi nazunguka, kwa aibu niliyoipata pale mchana kweupe kwa sababu ya kiti kidogo kuliko ukucha.

Mimi hutengeneza ndege za mfano, nyumbani kwetu Mji wa Kale. Siku hiyo nilikuwa nashughulikia chumba cha rubani, na kiti cha plastiki kilichokuja na sanduku hakikunipendeza (hakikuwa hata na mikanda), nikaamua kuunda changu kwa bati la kopo la samaki, mikanda nikaikata kwenye utepe, vifungo nikavikunja kwa waya mwembamba wa shaba. Nikakipaka gundi, nikakiweka ukingoni mwa meza, nikainama kutafuta miwani.

Hapo akaingia Athmani, mdogo wa mke wangu Rukia, kavaa kanzu mpya, ananukia udi, mkono mmoja kaukunja ngumi. Akanitazama, akaitazama meza.

"Naona una kazi, shemeji. Basi endelea," akasema, akatoka upesi.

Kugeuka, kiti hakipo.

Sasa niambieni, nyinyi mngemshuku nani? Nilitambaa chini ya meza, nikapekua kila mahali, wapi. Nikakumbuka siku zile alikuwa akinong'ona na dadake jikoni, nikiingia wananyamaza, tena ana rafiki Ganjoni anayeunda ndege kama mimi, basi nikarukia tuktuk nikamfuata hivyo hivyo na msuli kiunoni na fulana yangu ya madoa ya rangi, na nilipomwona anaingia nyumba moja huku akitazama nyuma, nikasema huyu leo nimempata.

Sikupiga hodi. Sebuleni wamejaa wazee wa heshima, mmoja yu katikati ya maneno, Athmani kainamisha kichwa.

"Fungua hicho kiganja, Athmani," nikamwambia. "Nataka kiti changu."

Akakifungua. Ilikuwa tasbihi.

"Shemeji," akasema polepole, "hii ni posa yangu."

Kumbe Rukia alikuwa ameniambia asubuhi nijitayarishe niende na wazee, nami nikaitikia "naam" bila kuinua kichwa. Athmani alikuja kunichukua, akaniona nilivyo, akaona heri aniache. Na kule kunong'ona jikoni, walikuwa wakijadiliana kama nafaa kupelekwa.

Ami yake msichana akaninyooshea kidole. "Na hicho kwenye kiwiko chako ni nini?"

Nikaupinda mkono. Kiti changu, kimeganda kwenye ngozi barabara, mikanda yaning'inia. Nikakivuta, hakikutoka. Mzee huyo akavaa miwani, akasogea.

"Kina vifungo," akawaambia wenzake, kwa sauti ya daktari aliyeuona ugonjwa.

Wakaomba muda wa kufikiria. Tukasikia wanapita wakiuliza watu, mpaka Marikiti, kama ukoo wetu una wagonjwa wa akili, na Athmani muda wote huo hakusema nami. Posa walikuja kuikubali, ila kwa sharti kwamba siku ya nikahi nikae mbali na bwana harusi.

Siku hizi kitu kikinipotea, kabla sijamtaja mtu navua fulana, namwita Rukia anikague mikono na mgongo. Hunikagua kimya, kwa makini, wala hajawahi kucheka.