Rotwaila kwa Boma Lisilo na Geti

Iko siku moja ambayo haitoki kwa kichwa changu. Nilikuwa nimeinama nyuma ya nyumba nafua nguo za mtoto, nikasikia majirani wanacheka njiani. Nikainua kichwa. Nikamwona mume wangu Kioko akipanda mlima, mkononi ameshika mnyororo, na upande wa pili wa mnyororo kuna mbwa mweusi mkubwa kama ndama. Watu wa boda boda pale stejini wote walikuwa wamekataa kuwabeba. Walikuwa wametembea kutoka barabarani, na sikuweza kujua ni nani anamvuta mwenzake.

"Mama Mutheu!" akaita, jasho linamtiririka. "Kuja uone! Hii ni Rotwaila. Rotwaila pyua, hana mchanganyiko!"

Mwanangu, nakuita hivyo na sina hata unywele mmoja mweupe. Nina miaka ishirini na sita, nilifika kidato cha nne, na mtoto wangu ni mmoja tu. Najua nasaha huwa zinatoka kwa watu walioota mvi. Lakini Jumapili iliyopita, tukitoka kanisani, msichana mmoja aliyeolewa juzi alinishika mkono akaniambia, tena kwa tabasamu, kwamba bwana yake ameagiza Rotwaila wa kulinda nyumba. Mtoto wao ndio kwanza anajifunza kutambaa. Chakula cha mchana kilinishinda. Kwa hivyo nakuandikia wewe mwenye mtoto kama wake, na ukiona ni kama nimekasirika, ni kweli nimekasirika.

Kioko hakuwa na nia mbaya. Yeye ni fundi wa kujenga, anaondoka Jumatatu anarudi Ijumaa jioni. Mwezi huo jirani alikuwa ameibiwa mbuzi wawili, na Kioko akawa anafikiria mimi na Mutheu tumebaki peke yetu huku Mbooni. Mbwa mwenyewe alikuwa wa yadi ya mawe kule barabara ya Mombasa. Mwenye yadi alikuwa anahama, akamwambia Kioko, "Hii ukiwa nayo, mwizi atapita mbali."

Sasa fikiria boma letu. Nyumba ya vyumba viwili, jiko la nje, na ua wa miti ya manyara ambao kuku wanapita wakitaka. Geti letu ni matawi ya miiba tunayovuta jioni. Ndani ya hilo boma ndimo alimoletwa mnyama aliyezoea ukuta wa mawe na wanaume wazima, na ndani yake kuna mtoto wa miaka miwili anayekimbia kama amelewa.

Lakini sina haki ya kumlaumu Kioko peke yake. Mimi nilifurahi. Nilifurahi vibaya! Nilienda kuchota maji nikawa natafuta tu mahali pa kuingiza neno "Rotwaila". Mama Ndinda, jirani yangu, akanisifu, na mimi nikamjibu, "Ile yako ya sikio moja ilinde nini? Si wezi wataibeba pamoja na mbuzi!" Wanawake wakacheka. Tukampa mbwa jina Kamanda. Ujinga huo wote niliufanya nikiwa na akili zangu timamu.

Tena mwenye yadi alikuwa ametoa masharti. Mbwa asizoee watu. Mchana afungiwe, asione jua wala mgeni, ndio usiku akitoka awe mkali. Na huku kwetu nani atabisha? Hivyo ndivyo watu wanavyofanya. Mbwa akionekana akicheza na watoto, wanasema ameharibika. Kioko akapiga boksi la mbao na mabati, akaliweka pembeni karibu na choo. Kukipambazuka namrudisha ndani kwa mfupa, nafunga mlango kwa waya, na chakula nakisukuma kwa sepeto, mkono wangu usifike karibu. Niliamini huo ndio uangalifu. Mutheu alikuwa anasimama mbali anaita, "Ngiti! Ngiti!", ndiyo mbwa kwa Kikamba, na mimi namvuta kwa mkono. Mtoto asimjue mbwa, mbwa asimjue mtoto. Niliona nimemaliza kazi.

Susu Kalondu, nyanya yake Kioko, anaishi chini yetu kidogo, na amefuga mbuzi na mbwa maisha yake yote. Alipanda siku moja kutuletea maembe. Akasimama mbele ya boksi, akasikiliza mbwa anavyohema kwa joto.

"Huyu anamjua mtoto?" akauliza.

"Hapana, Susu. Akimjua atakuwa mpole."

"Na siku akitoka, atajuaje Mutheu si mwizi?"

Nikachukua maembe. Alipoteremka nikamwambia Kioko kwa simu kwamba nyanya yake ni mtu wa zamani, hajui mbwa wa kisasa. Tulicheka wote wawili. Mwanangu, kile kicheko hadi leo natamani kukitapika.

Ikafika Alhamisi, saa sita mchana. Nimesukuma chakula ndani ya boksi, nikasikia chai inamwagika jikoni. Nikakimbia. Waya sikuuzungusha. Ni hivyo tu, hakuna kitu kingine. Sikuroga mtu, sikulewa. Nilikimbilia chai.

Mutheu alikuwa ameshika kipande cha ugali. Kamanda alimaliza chakula chake, akasukuma mlango kwa kichwa, akaenda moja kwa moja kwa ule ugali. Hakubweka hata. Alimwangusha mtoto kwa kifua, akachukua ugali pamoja na mkono. Mimi natoka jikoni naona mgongo mweusi, na chini yake viatu vidogo vya plastiki vinapiga hewa.

Nilimpiga na beseni mpaka beseni likapasuka. Akaachilia. Halafu unajua alifanya nini? Alirudi mwenyewe ndani ya boksi, akalala, akanitazama. Hilo ndilo linaniuma kuliko yote. Hakuwa shetani. Alikuwa mbwa aliyezoea kukaa na njaa, na hakuna mtu aliyewahi kumwambia huyu mdogo ni wa nyumbani.

Majirani wakajaa. Mmoja ameleta pilipili ati ipakwe kwa kidonda. Mwingine anasema mbwa akatwe manyoya yachomwe, jivu liwekwe pale. Mimi nalia tu, nimemfunga Mutheu mkono kwa leso. Susu akaingia akihema, akatazama mara moja.

"Toa hiyo leso. Maji na sabuni, sasa hivi!"

"Susu, analia..."

"Alie! Osha. Usiache mpaka nikwambie."

Tulimwagia maji ya jerikeni hadi nikaona Susu amepitiliza. Ndipo tukapanda boda boda kwenda hospitali, Susu nyuma yangu, Mutheu katikati. Nesi alipoona ule mkono aliuliza kwanza kama tumeosha, akamshukuru Susu. Halafu akanigeukia.

"Mbwa anaitwa nani?"

"Kamanda."

"Kamanda amechanjwa kichaa?"

Nikainama nikapangusa viatu vya Mutheu.

"Cheo mmempa, sindano hamkumpa," akasema, na akaendelea kuandika.

Mutheu alidungwa siku hiyo, na tukaambiwa turudi tena, na tena. Kila tarehe nilikuwa namshika miguu yeye akipiga kelele, naye ananiangalia kama mimi ndiye niliyemuuma.

Kioko alifika Ijumaa, akatukuta tumeketi nje. Susu hakumpa hata nafasi ya kuweka begi.

"Huyu mbwa mlimchagulia nani?"

"Nyumba, Susu. Wezi walikuwa..."

"Mlimchagulia geti."

"Lakini Susu, sisi hatuna geti."

"Ndio nashangaa!"

Ningecheka kama si hali yenyewe. Na Kioko, badala ya kunyamaza akatubu, akaja na mpango. Kamanda apelekwe kule Tulia kwa dada yake, Mumbua, ana duka pale sokoni, atafaidika na ulinzi. Nikamuuliza polepole sana, "Baba Mutheu, mapacha wa Mumbua wana miaka mingapi?"

Akaangalia viatu vyake. "Mitatu."

"Basi rudia hiyo sentensi nisikie vizuri."

Hakurudia. Tulimtafutia Kamanda mahali panapomfaa. Kwanza tukamfungia siku zote tulizoambiwa, ili aangaliwe kama ana kichaa. Hakuwa nacho. Akadungwa chanjo, akaenda kwa machimbo ya kokoto yenye ukuta mrefu, walinzi wawili wazima, na hakuna mtoto anayekanyaga. Nilienda mwenyewe kuhakikisha, maana sikutaka mwanamke mwingine aje kumwaga machozi ambayo ni yangu. Siku hizi nasikia anatembezwa kila asubuhi na ananenepa. Sawa. Sina ugomvi naye.

Nilidhani yamekwisha. Mkono ulipona, ukabaki na alama nne. Lakini Mutheu akawa hawezi kuona mbwa. Hata wa mbali, hata wa kwenye picha. Anapanda shingoni mwangu kama paka, anatetemeka, anajikojolea. Na huku kwetu kila boma lina mbwa. Kwenda kanisani tunapita mbwa, kwenda kwa Susu tunapita mbwa. Karibu aanze chekechea, na njiani kuna maboma saba. Mtoto anayekimbia akipiga kelele ndiye mbwa wanamfuata. Kichwani nilikuwa namwona akianguka kwenye mteremko wa ile njia mara kumi kwa siku, nikiwa macho.

Nikaapa mbwa hatakanyaga kwangu tena. Susu akaniambia, "Sawa. Na mtoto utamhamishia mlima gani usio na mbwa?"

"Susu, sitaki kusikia."

"Hutaki, lakini yeye atapita pale njiani. Anahitaji mbwa mmoja anayemjua, ajue wanavyokaa."

Tulizozana wiki mbili. Mwishowe tukaenda Kasikeu, kwa mdogo wake Susu, ambako mbwa wa kienyeji alikuwa amezaa. Kioko akatusindikiza huku ananung'unika. "Mbwa ya kienyeji? Watu watasema nini?"

"Watasema mtoto wenu ana mikono miwili," Susu akamjibu.

Mimi nilidhani kuchagua mbwa ni kuonyesha kwa kidole. Susu alikaa pale nusu siku. Hakuangalia watoto wa mbwa kwanza, aliangalia mama yao. Vitoto vya mbuzi vilikuwa vinampanda mgongoni, naye amelala tu. Susu akamwekea muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa, akala, Susu akatia mkono ndani ya sahani. Mbwa akainua macho, akampisha. Ndipo Susu akatuambia tuketi chini, Mutheu mapajani mwangu, tusiite mbwa yeyote.

Mmoja alikuja mbio, akauma sketi yangu akavuta. Kioko akasema, "Huyo! Huyo ana moto!"

"Mpe mtu asiye na mtoto," akasema Susu.

Mwingine alijificha nyuma ya debe, hakutoka kabisa. Nikamwonea huruma nikataka kumchukua. Susu akakataa. Mtoto akipiga kelele, huyo atashtuka, na akishtuka atauma. Wa tatu, wa rangi ya udongo, alikuja akisimama njiani mara mbili. Akanusa kidole cha mguu wa Mutheu. Mutheu akauvuta mguu. Mbwa akakaa chini palepale, akangoja. Susu akamwinua, akambana ukucha kidogo. Akalia, akamlamba Susu mkono.

"Huyu," akasema. "Lakini leo hatoki. Akae na mama yake amfundishe adabu kwanza."

Tukamchukua alipomaliza miezi miwili, tukampeleka kwa daktari wa mifugo kabla hata hajafika nyumbani. Boksi nilikuwa nimeshalichoma. Ilichukua muda, sitakudanganya. Wiki ya kwanza Mutheu alikaa juu ya meza kama kuku. Ya tatu akateremka. Nilikuwa nashika mkono wake tunaweka chakula pamoja, na mbwa anangoja mpaka tuseme. Sikuwaacha peke yao hata dakika moja, na hadi leo siwaachi.

Juzi tulikuwa tunapita kwa Mama Ndinda. Mbwa wake akatoka kwenye ua anabweka. Mutheu akasimama. Mikono chini, macho pembeni, mdomo umefungwa, kama tunavyofanya nyumbani. Mbwa akamnusa, akaenda zake. "Amemaliza," mtoto akaniambia, na akaanza kutembea mbele yangu. Nilikaa kwenye jiwe nikalia.

Mwanangu, sisemi Rotwaila ni mbaya. Kuna mwalimu hapa aliyemlea mmoja kutoka mdogo, na watoto wake wanamlalia. Lakini yeye anarudi nyumbani kila jioni, anamtembeza, anamshibisha. Wewe jiulize nani atabaki naye kutwa, na kama huyo mtu anaweza kumshika. Mbwa mzito anaangusha mtoto hata akimpenda. Usichukue mbwa mzima aliyefundishwa ukali mahali pengine ukafikiri atamjua mtoto wako. Ukiambiwa pyua, omba kumwona mama yake kwanza, uone anavyokaa na wadogo. Chanja. Usimfungie gizani mchana ukategemea ajue watu usiku. Kazi ya mbwa wa nyumba yenye mtoto ni kubweka tu akuambie kuna mtu. Kutoka na rungu ni kazi yako. Na ukishikwa na tamaa ya kusifiwa pale mnapochota maji, rudi nyumbani umwangalie mtoto wako mikono.

Mungu akutunzie huyo mdogo, akue na ngozi nzima na moyo usioogopa njia. Akupe mzee wa kukufokea, na masikio ya kumsikia. Na akupe ulimi wa kusema hapana mapema, kabla hujafika kuisema hospitalini.