Mashine Iliyogoma Kupika Mayai

Kampuni aliyofanyia kazi ilipofungwa, fundi programu mmoja alihamia kwa shangazi yake, na tangu hapo hakuna kilichomgusa. Akisifiwa, sawa. Akitukanwa, sawa. Ili asiwe mlaji tu, alimtengenezea shangazi programu ya JavaScript ya kuongoza joto kwenye mashine ya kutotolesha vifaranga.

Asubuhi moja mashine ilikutwa ya baridi.

"We msomi! Nimebonyeza kuongeza digrii moja tu, imejizima. Mayai yakifa, utafute pa kulala!"

"Sawa, shangazi."

"Sawa nini? Ungekuwa yai ningeshakutupa!"

Akafungua kompyuta. Kipimajoto kilileta 37 kama maandishi, siyo namba, na JavaScript ikipewa maandishi na alama ya kujumlisha haijumlishi, inabandika. 37 na 1 zikawa 371. Mashine, ambayo kwa akili ilimzidi bwana wake, ikagoma kuchoma nyumba nzima. Yeye alikuwa ameijaribu kipindi cha joto kali, akipunguza tu, na kwenye kutoa lugha hiyohiyo huyageuza maandishi kuwa namba kimyakimya, bila kumwambia mtu. Basi akaona imekubali, akaenda kulala.

Akaandika Number, ili maandishi yageuzwe kwanza. Akajaribu: 38. Hakufurahi.

"Na kile kipimajoto kipya cha trei ya chini?" shangazi akauliza.

Akakichomeka. Skrini ikajibu NaN, yaani hii siyo namba. Vipimo vilikuwa vinakuja ndani ya safu, yaani orodha moja ya vipimajoto vyote. Safu yenye kitu kimoja hupenya kama namba, hakuna anayeishtukia. Ikibeba viwili inageuka maandishi "37,38", na hapo Number inainua mikono. Akatoa kila kipimo peke yake, akakigeuza, akajaribu kuongeza na kupunguza. Mashine ikawaka.

Shangazi alikuwa ameshafunga madirisha na kuzima taa, anamulika mayai kwa tochi aone kama yana uhai. La kwanza, kimya. La pili, kimya. Fundi alisimama kama mtu anayesubiri basi la mwenzake.

La tatu, ndani ya ule mwanga mwekundu, kitu kikajipindua.

"Kiko hai!" shangazi akapumua. "Umepona, baba. Utalala humu."

"Sawa."

Lakini hakuondoka. Alinyoosha mkono kuichukua tochi, akainama juu ya trei, akamulika la nne.