Mguu Uliozikwa Bila Mtani

Saa mbili asubuhi, na cherehani ya Zamda Abbasi inalia barazani pa duka la vitenge, Kanyenye, katikati ya mji wa Tabora. Mguu wake mmoja uko kwenye kanyagio. Ule wa bandia ameuvua akauegemeza ukutani, na juu yake ametundika kofia ya mteja.

"Hapa hakuna wa kukaa bure," anasema huku anacheka. "Hata wa plastiki ana kazi yake. Anatunza kofia."

Leo anamalizia suruali ya kaki. Upande wa kulia ni mrefu, wa kushoto unaishia gotini, na pindo amelilaza vizuri lisije likakwaruza kigutu. Wateja wengine huwatoza shilingi elfu tatu kupunguza suruali; waliokatwa viungo huwashonea bure. Mwenye suruali hii anaitwa Masolwa, na tangu alfajiri ndiye anayemtia fundi huyu kiherehere.

"Akija leo nitapiga vigelegele mpaka stesheni wasikie," anasema. "Asipokuja... aa, mwandishi, usinifikishe huko."

Kuja kwenyewe ni kuja kwenye Jumamosi ya Magongo. Mara moja kwa mwezi, waliokatwa mikono na miguu hukusanyika na familia zao uani kwa Bi Zeyana, mjane wa ukoo wa wafanyabiashara wenye asili ya Oman. Mumewe alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari, akajifungia ndani kwa aibu mpaka mauti yakamkuta humo humo. Baada ya matanga Bi Zeyana aliufungua mlango wa uani na kusema hautafungwa tena.

Huko watu hufundishana kufunga kigutu, hupika pilau, na ngoma ikilia hucheza na magongo yao. Wake na waume wa waliokatwa wana jamvi lao pembeni, ambako ni ruksa kulalamika mpaka roho itulie.

Kwenye jamvi hilo ndiko Zamda alikomkuta Kulwa, mke wa Masolwa, amekuja peke yake kutoka Ziba, wilayani Igunga. Mkokoteni wa ng'ombe ulimpindukia mumewe, kidonda kikaharibika, mguu ukakatwa. Tangu arudi nyumbani alikuwa hatoki chumbani.

"Dada, ng'ombe wake wanapita mlangoni kila asubuhi," Kulwa alimwambia, "na yeye hainuki hata kuwatazama. Ng'ombe aliokuwa akiwaita kwa majina!"

Zamda alipanda basi hadi Ziba na ndizi mkononi. Anakiri kwamba siku hiyo aliboronga.

"Niliingia na sauti ya msibani. Pole baba, pole sana. Kumbe mwenzangu pole zilishamfika puani! Akageukia ukutani, na mimi nikaondoka na aibu yangu."

Njiani kurudi ndipo akili ikamjia. Zamda ni Mzaramo. Babu yake alikuja Tabora kufanya kazi za reli. Masolwa ni Mnyamwezi. Makabila haya mawili ni watani tangu enzi za misafara, wapagazi walipokuwa wakitembea kutoka huku hadi pwani. Na mtani ana haki zake msibani: humwigiza marehemu, hulala njiani, huzuia maziko mpaka apewe ada yake. Naye Kulwa alishamwambia kwamba ule mguu kaka zake Masolwa waliuzika nyuma ya zizi.

Wiki iliyofuata alirudi Ziba. Hakupiga hodi. Alilaza gongo lake mlangoni, akaketi chini, akaangua kilio cha kuita mtaa mzima.

"Mmezika mguu wa Mnyamwezi bila mtani! Nani kawapa ruhusa? Fukueni!"

Kulwa anasema nusura azimie. Majirani walitoka mbio. Ndani, Masolwa akageuka.

"Mtani gani wewe?"

"Mzaramo mimi! Na ada yangu ni jogoo, jogoo mzima, siyo kifaranga cha kunidanganyia. Tena simpokei hapa. Utaniletea mwenyewe Tabora, Jumamosi!"

Masolwa akageukia tena ukutani. Kulwa aliyaona mabega yake yakitikisika, akadhani analia, akasogea kumbembeleza. Alikuwa anacheka.

Sasa ni saa saba mchana. Pilau imeiva na Zamda amesimama mlangoni kwa Bi Zeyana, suruali begani. Bajaji inasimama. Anashuka Kulwa na jogoo mwekundu kwapani, kisha yanatoka magongo mawili, kisha Masolwa mwenyewe, jasho likimtiririka.

Zamda anapiga vigelegele, ananyoosha mikono apokee chake. Masolwa anaketi kwenye benchi, anampakata jogoo.

"Ngoja kwanza, mtani. Huo mguu wako walizika wapi?"

"Hapa hapa Tabora. Nilipogongwa na bodaboda, mwaka wa tisa huu."

"Mnyamwezi gani alikuwepo?"

Zamda anaishusha mikono aliyoinyoosha.

"Hakuna!" Masolwa anapaza sauti. "Basi jogoo simtoi. Wewe ndiye uliyeanza kutudhulumu!"

Uani kunalipuka. Bi Zeyana anacheka hadi anashika ukuta. Kulwa analia na kucheka kwa pamoja, wala hafichi.

Kabla sinia hazijaoshwa, wameshapatana: jogoo atarudi Ziba akiwa hai, na Jumamosi ya Magongo ijayo itafanyika huko, nyumbani kwa Masolwa. Zamda naye atakwenda na jogoo wa kwake, kulipa ada ya mguu wake.

"Nitapeleka, nifanyeje? Kanishika," anasema Zamda, akifuta macho kwa ncha ya khanga. "Na nikitoka huko nataka tuwafuate wengine waliojifungia, hadi vijijini kabisa."

Masolwa, ndani ya suruali yake mpya, anamwita kutoka upande wa pili wa uani.

"Mtani! Mje mapema, muwakute ng'ombe wangu hawajatoka zizini. Mtanikuta nje."