Ordinateri Isiyoguswa na Muntu

Niseme ukweli: Papa Ephraïm sikumupenda. Miaka tisa tulikaa biro moja, kwa shule moja ya binafsi huku Kalemie, kando ya ziwa, miye sekretere, yeye muntu wa ordinateri, ndiyo kompyuta. Katika hiyo miaka tisa hakunisalimia asubuhi hata siku moja bila kuangalia kwanza vidole vyangu.

"Mama Laurette, umekula mukate?"

"Nimekula."

"Basi usiguse clavier. Nenda unawe."

Clavier yenyewe ilikuwa imefutika herufi A na E, tulikuwa tunaandika kwa kukumbuka tu! Lakini hapana, muchafu njo miye.

Laptop alizichukia. "Hiyo si mashini, ni pambo. Ikigonjwa unaizika. Mashini ya kweli unaifungua tumbo, unaona kila kitu." Yake ilikuwa unité centrale, lile sanduku la ordinateri ya mezani, nzito, haina mufuniko, na vumbi imejaa humo ndani. Ikikataa kuwaka, alikuwa anatoa kile kipande cha mémoire, cha kumbukumbu, anakisugua na gomme ya kufutia ya mwanafunzi, anapuliza, anarudisha. Na inawaka, eeh! Hapo anatuangalia wote sawa vile amefufua muntu. Courant ya umeme ikikatika alitutukana sisi. Ukizima mashini kwa kubonyeza kibutoni, siku nzima hasemi na weye. Ukiita faili yako "mwisho", kisha "mwisho kabisa", anaisoma kwa sauti mbele ya wazazi.

Programme ya bulletins, zile karatasi za matokeo, aliitunga yeye mwenyewe. Unaingiza points za wanafunzi, inahesabu asilimia, bulletin inatoka. Kazi nzuri, siikatai. Lakini humo ndani aliweka matusi. Ukiandika kwa bahati mbaya 25 fasi ya 20, inatokea kwa rangi nyekundu: MAMA LAURETTE, RUDIA MASOMO. Jina langu kabisa! Papa Élisée, mwalimu wa hesabu, alicheka mpaka akakaa chini. Nilimuomba Papa Ephraïm aitoe. Akanijibu kama programme haina huruma, na yeye pia hana.

Kopi hakufanya. Maelezo hakuandika hata mustari mumoja. "Muntu akielewa kazi yangu," alikuwa anasema, "kesho atakalia kiti changu." Na kile kiti njo kilikuwa kinalisha watoto wake wane, kazi ingine hakuwa nayo.

Mwaka jana, mwezi wa sita, ilibaki wiki mbili tufike proclamation, ile siku wazazi wanakusanyika kwa kiwanja kusikia asilimia za watoto zikisomwa. Préfet wetu, mukubwa wa shule, Papa Aristote, akamuita. Akamwambia mbele yangu:

"Papa Ephraïm, ukigonjwa itakuwaje? Onesha Mama Laurette namna ya kufungua programme."

Ni hilo tu. Namna ya kufungua. Yeye aliniangalia kwa jicho la kuangalia mwizi. Alasiri hiyo akabadilisha mot de passe, lile neno la siri la kufungua mashini, akazima mashini, akaenda zake. Kesho yake akatuma message: ana malaria. Kwa Papa Élisée alisema mengine kwa simu: "Watakuja kwangu. Watapiga magoti."

Préfet alimupigia siku tatu. Simu inalia, haipokewi. Siku ya ine akaita walimu wote kwa darasa kubwa, kila mumoja na kalkileti yake ya kuhesabu na kalamu ya bic. Siku mbili. Bulletins mia tatu na makumi ine tuliziandika kwa mukono, namna zilikuwa zinaandikwa zamani. Upepo wa ziwa ulikuwa unapeperusha zile zilizokwisha, basi tukaleta unité centrale ya Papa Ephraïm, tukaiweka juu yazo zisiruke. Ni miye nilisema iletwe. Nilifurahi, sitaficha. Tulikosea mbili, tukafuta na blanco, ile rangi nyeupe ya kufutia.

Kisha préfet akaandika barua ya kumuondoa kazini, akauliza nani ataipeleka. Nilinyoosha mukono mbele hajamaliza kuuliza.

Nyumba yake iko upande wa Katanika. Nilimukuta amekaa inje, malaria hata ya dawa haipo, amenyoa ndevu, amevaa shati nyeupe iliyopigwa pasi. Alipoona bahasha mukononi mwangu, uso wote ukafunguka.

"Mumechelewa," akasema. "Mélanie! Letea Mama Laurette kiti."

Bibi yake akaleta kiti. Papa Ephraïm hakupokea barua. Alitaka kwanza nisikilize masharti. Ufunguo wa biro uwe mumoja, ukae kwake. Anunuliwe onduleur mupya, ile ya kushika mashini umeme ukikatika. Mwalimu asiingie na chakula. Préfet amuombe musamaha mbele ya walimu wote.

"Na weye, ununue sabuni yako."

Mama Mélanie akacheka, kicheko cha muntu aliyekuwa anaogopa siku nyingi na sasa anapumua.

Ningeweza kumukatisha. Sikumukatisha. Nilimuacha aseme yote, ninaitika "ndiyo, Papa," "ndiyo, Papa," na moyoni ninasikia utamu ambao sijausikia siku nyingi.

"Umemaliza?" Nikamupa barua.

Akaisoma. Akageuza karatasi kuangalia kama nyuma kuna kitu.

"Na bulletins?"

"Tulisha kumaliza jana."

"Na nini?"

"Na bic."

"Haiwezekani. Asilimia zote?"

"Zote."

Mama Mélanie aliitoa ile barua mukononi mwake, akaisoma amesimama, akaingia nyumbani. Nikamusikia humo ndani anaita watoto wake, mumoja mumoja, kwa majina, na hawatumi kazi yoyote, anawaita tu. Hapo njo ule utamu ulinitoka. Nikasimama bila kuaga, nikarudi kwa pikipiki iliyokuwa inaningojea.

Papa Ephraïm akanifuata mbio, miguu wazi. Alikuwa anataja mot de passe, herufi kwa herufi, sauti yake inapanda juu ya kelele ya moteri.

"T kubwa! Tisa! Kisha m ndogo..."

"Papa Ephraïm, haina haja tena."

"Andika, Mama Laurette! Kisha alama ya kuuliza..."

Bic ilikuwa ndani ya sakoshi yangu. Sikuitoa. Akafikiri labda anataja mbio sana, miye sifuati, akaanza tena toka mwanzo, polepole, kwa upole, namna hakunifundisha hata mara moja miaka yote tisa.

Nikamugusa mwenye pikipiki kwa bega.

"Twende," nikamwambia.