Nyuma Sawa

Mimi sikusoma. Niliacha shule darasa la tatu nikaenda kusukuma mkokoteni wa matumbo pale kichinjioni Dagoretti, na nilipofika umri wa kuitwa mzee nilikuwa na bucha mbili, moja Ngara, na pikapu yangu mwenyewe. Sikupewa na mtu. Kwa hivyo Jenerali wa jeshi la anga aliyeniuzia ng'ombe sikumheshimu kwa cheo. Nilimheshimu kwa sababu naye alianza kwa kufagia banda la ndege, akapanda hadi akazirusha, hadi akawaamuru wanaozirusha.

Alipostaafu alifuga ng'ombe huko Karen. Asubuhi moja kabla ya uchaguzi nilienda kununua fahali. Barasa, mchungaji wake, alimpandisha fahali kwenye pikapu, akamfunga, akabaki naye nyuma. Jenerali akaketi mbele nami. Sijawasha gari, akapaza sauti.

"Nyuma?"

"Nyuma sawa, afande," Barasa akajibu.

Nikacheka. "Jenerali, hii ni pikapu. Haitaruka."

"Washa gari, mzee. Wewe jua ng'ombe."

Barasa alikuwa mpakiaji katika ndege zake za mizigo. Miaka yote hiyo hakuna ndege iliyoondoka kabla ya Jenerali kuuliza neno hilo na mtu wa nyuma kulijibu. Walipostaafu, mmoja na nyota zake, mwingine na goti bovu, waliendelea nalo hata kwenye gari la maziwa. Jenerali alijivunia jambo moja tu: hakuwahi kurudi bila mtu aliyeondoka naye.

Kisha matokeo yakatangazwa, na mtaa ukageuka.

Vijana wa kwetu walianza kupita vyumba vya kupanga wakitafuta watu wa magharibi, waliosemekana kupigia kura upande mwingine. Barasa, mtu wa magharibi, alikuwa amepanga karibu na kichinjio. Aliingia stoo yangu ya ngozi kwa dirisha, na goti lake hilo. Nikampigia Jenerali. Yeye akawapigia wale aliokuwa akiwaamuru zamani. Walimjibu vizuri, ndiyo afande, na hakuna aliyekuja.

Akaja mwenyewe, kwa miguu, njia ya mashambani, amevaa sweta ya kukamulia.

Tulimlaza Barasa ndani ya pikapu, tukamfunika ngozi mbichi zenye chumvi. Zilikuwa zinanuka vibaya.

"Usikohoe," nikamwambia.

"Nimebeba maiti kwa ndege, mzee. Haya ni manukato."

Tukaondoka mchana kweupe kuelekea Karen. Safari hiyo Jenerali hakuuliza neno lake.

Kizuizi kilikuwa kabla ya barabara ya Karen. Magogo, tairi zinawaka, panga.

"Mzee, umebeba nini?"

"Ngozi. Panda unuse."

Wakacheka. Wengine niliwajua, niliwauzia mama zao nyama.

"Na huyu?"

"Mwenye ng'ombe."

Mmoja akainua ngozi ya juu kwa ncha ya panga. Akaiangusha, akatema mate.

"Pita. Utatuharibia hewa."

Wakavuta gogo. Nikaingiza gia.

"Nyuma?" Jenerali akasema.

Naapa hakujua amesema. Nilimwona akijifunika mdomo.

Na chini ya ngozi, kwa sauti ya mtu aliyezoea: "Nyuma sawa, afande."

Gogo likarudi.

Walimvuta. Nilimshika mguu hadi wakanipiga mkono. Kidole hiki hakijanyooka mpaka leo.

Jenerali alishuka, akasimama katikati yao. "Mwacheni. Hiyo ni amri."

"Amri ya nani, guka?" kijana mmoja akamuuliza, kwa upole kabisa, kama anayesema na babu yake.

Barasa hakupiga kelele. Alimtazama Jenerali mpaka mwisho.

Walituachia mwili. Jenerali alipanda nyuma, akaketi juu ya zile ngozi, kichwa cha Barasa mapajani. Niliwasha gari. Hakuna aliyeuliza kitu.

Watu huniuliza kama namlaumu. Neno lile liliwarudisha watu nyumbani miaka mingi, likaingia mdomoni likakaa. Waliomuua Barasa walikuwa na panga, hawakuwa na neno. Lakini yeye Jenerali hakunikubalia hivyo hata siku moja. Tangu hapo hakuketi mbele tena. Nilipokwenda kuchukua fahali alipanda nyuma na mnyama, mvua au jua, mzee wa nyota. Nami kabla ya kuondoka niligeuka tu, nikamtazama kwa kioo cha nyuma, nikaenda.

Alipokufa, tulizika kwa heshima zote. Ndege zilipita juu. Ofisa mmoja kijana alisoma kazi yake yote, vyeo na nishani, akamaliza kwa kusema kwamba marehemu hakuwahi kupoteza mtu.

Mjane wa Barasa alikuwa ameketi kando yangu. Alikuwa amekuja na shada lake mwenyewe.

"Angani, ndiyo," akasema, akainuka kwenda kutupa mchanga.