Mto Hauna Seng'enge

Juzi nilishuka hadi kijito chetu hapa Kisaju nikakuta mawe makavu. Rafiki yangu, mimi nilisoma mpaka darasa la tatu tu, na hili shamba nililiongeza kwa jasho langu kipande kwa kipande. Lakini mawe makavu sihitaji mwalimu anisomee.

Nikiwa mdogo, maji yalikuwa na adabu yake. Asubuhi nyanya yangu alitoboa ukingo kwa jembe, maji yakaingia mfereji yakinong'ona mpaka kwa maharagwe. Kazi yangu ilikuwa kutoa majani yaliyoziba. Matope yalikuwa baridi vidoleni, na harufu ya viazi vya kuchoma ilitufuata huko chini. Jua likipanda, tukiona vumbi la ng'ombe kwa mbali, nyanya alifunga mfereji kwa udongo na nyasi, hata kama mistari ya mwisho haijanywa. "Shamba ni langu, maji yanapita tu," alisema. "Mto hauna seng'enge." Wafugaji walimwachia maziwa kwenye kibuyu, yakinukia moshi.

Sasa jirani wa juu, mtu wa mjini, amejenga ukuta wa mawe katikati ya kijito na kuweka pampu. Vitunguu vyake ni kijani mpaka vinaumiza macho. Nikaenda kumwambia afungue maji, akanijibu:

"Mzee, hati iko na jina langu. Kijito kiko ndani ya mpaka wangu."

"Na wingu likipita hapo juu, pia ni lako?"

Akacheka. "Likininyeshea, ndiyo."

"Kumwagilia, mwagilia. Lakini kuwafungia watu wa chini, nani alikupa ruhusa?"

"Wacha kunitisha, mzee wangu."

Pampu ikaendelea kunguruma.

Jana akaja mzee wa wafugaji wa huko chini. "Ng'ombe wameanza kuanguka. Kesho tunapanda na vijana, na hatutauliza ukuta ni wa nani." Kutoka kwao kwenda juu, shamba la kwanza ni langu.

Zamani, hata kiangazi kiwe kikali namna gani, mtu aliyefuata maji alisalimu kwanza "Sopa", akangoja uitikie, akauliza watoto, akauliza mifugo, ndipo akataja shida. Huyu tulichunga naye tukiwa wadogo. Jana alisimama langoni, akasema yake, akageuka. Nilibaki na itikio langu mdomoni.